Maktaba ya kijiji: mlango usiouliza umetoka wapi



Kila mara tunapotaja neno maktaba katika baraza, swali la kwanza ni lile lile: "Watu wana njaa, watoto wanalala chini, na ninyi mnatuletea vitabu?" Ni swali la haki na hatutalikwepa. Maktaba haipiki ugali. Mahali ambapo pesa ni kidogo, pesa ya chakula isiguswe kwa ajili ya vitabu, na kiongozi anayefanya hivyo atakuwa amekosa. Lakini somo letu la leo linahusu jambo ambalo chakula peke yake hakilitengenezi, na mara nyingine namna ya kukigawa hulivunja zaidi. Jambo hilo ni amani kati ya aliyekuja na aliyemkuta.

Tunaandika tukiwaza Kalunguta, kwenye barabara ya Butembo na Beni. Mnaoishi sehemu nyingine mtaona wenyewe ni nini kinafanana na kwenu.

Orodha inapofika

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yamefukuza watu vijijini mwao mara nyingi, wengine mara tatu au nne. Katikati ya mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga na kusini mwa Lubero, watu wengine wengi walipanda kuelekea Butembo. Katika sehemu zetu wakimbizi wa ndani wengi hawako kambini. Wako katika nyumba za watu. Shangazi amempokea mpwa wake na watoto sita. Mwalimu ametoa chumba cha mbele. Wageni na wenyeji wanachota maji chemchemi moja na kulima kwa jembe moja kwa zamu.

Kisha inakuja orodha. Sisi tunaofanya kazi ya misaada tunaijua vizuri, kwa sababu ni sisi tunaoileta. Mama aliyekimbia anaandikwa. Yule aliyempa chumba, ambaye akiba yake ya maharagwe imekwisha kwa sababu ya kulisha watu kumi na mbili badala ya watano, haandikwi. Au anaandikwa ambaye hakukimbia, kwa kuwa anamjua mwenye kalamu. Kuanzia siku hiyo watu wawili waliokuwa wanakula sahani moja wanatazamana kwa pembe ya jicho. Hatusemi orodha ziachwe, maana chakula kisipohesabiwa huishia mikononi mwa wenye nguvu. Tunasema tu kwamba kijiji ambacho kila kitu chema kinakuja kwa orodha kinajifunza kugawanyika.

Maktaba ya watu wote haina orodha ya wanaostahili. Hiyo ndiyo tofauti yake na karibu kila kitu kingine tunachokileta. Mtoto wa mkimbizi, mtoto wa shefu, mama muuza mihogo, kijana asiye na kazi, wote wanaingia kwa sheria moja: unanawa mikono, unakaa, unasoma, unarudisha. Kitabu ambacho mmoja amekisoma hakijapungua kwa mwingine. UNESCO iliandika jambo hilo katika tangazo lake juu ya maktaba za umma la mwaka 1949, ambalo limesahihishwa mara kadhaa, mwisho mwaka 2022: huduma ni kwa wote bila kutazama umri, kabila, jinsia, dini wala lugha. Wengi wetu tulijua maktaba za shule au za parokia tu, ambazo ni za wanafunzi wake au waumini wake. Maktaba ya umma ni ya yeyote anayepita njiani.

Karatasi inayobaki kijijini

Tukumbuke miaka ya Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa, na Kalunguta ilikuwa moja ya zone za afya zilizoguswa. Mnakumbuka pia maneno yaliyozunguka: kwamba hakuna ugonjwa, kwamba ni biashara ya watu fulani, kwamba chanjo inaua. Mwezi Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 katika Beni na Butembo. Karibu mmoja kati ya wanne alisema haamini kuwa Ebola iko. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba wakubwa wa mahali pao wanatenda kwa faida yao.

Wengine walisema basi watu hawa ni wajinga. Sisi hatukubali. Watu waliokuwa wakizika wapendwa wao tangu 2014 bila kuona msaada, kisha wakaona magari mengi yakija kwa ajili ya ugonjwa mmoja, walikuwa na sababu ya kuuliza. Na Desemba 2018 kura ya rais ilipoahirishwa Beni na Butembo huku sehemu nyingine za nchi zikipiga kura, swali hilo liliongezeka uzito. Habari zilikuwapo, tena nyingi. Shida ilikuwa kwamba zilikuja ndani ya gari, zikasemwa kwa kipaza sauti, zikaondoka na gari kabla ya saa tisa. Mama akikumbuka swali lake usiku, atamuuliza nani?

Karatasi iliyo katika maktaba haiondoki. Mama anaweza kurudi kesho. Anaweza kumwambia mtoto wake mwenyewe, ambaye anamwamini, amsomee polepole kwa Kiswahili na amweleze kwa Kinande. Anaweza kulinganisha karatasi ya serikali na ya daktari, na kumwita muuguzi aje ajibu mbele ya watu. Hatudai kwamba vitabu vingezuia vifo vile. Tunadai tu kwamba neno ambalo unaweza kulirudia na kulipima mwenyewe linaaminika kuliko neno linalopita mbio.

Ndiyo sababu tunapenda maktaba ndogo iwe na ubao wa habari. Sheria ya ubao ni moja: hakuna kinachoandikwa bila tarehe na bila kusema habari imetoka wapi. "Muuguzi wa kituo cha afya amesema, Jumanne." "Imetangazwa redioni, saa kumi na mbili asubuhi." Kisicho na chanzo hakiandikwi, hata kama kila mtu anakisema. Na tunaongeza onyo ambalo viongozi wasilisahau: habari za mahali walipo watu wenye silaha, au wanakopita askari, zisiandikwe ubaoni kamwe. Hizo zina njia zake, na zikionekana kwenye ukuta wa maktaba zinaweza kuwagharimu watu maisha.

Sheria ambayo hakuna aliyeisoma

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 62, inasema hakuna anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Ukikosa kwa kutokujua, umekosa. Lakini kifungu cha 142 kinaiagiza serikali iisambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika siku sitini tangu itangazwe. Wasomaji wetu, ni wangapi kati yenu mmewahi kushika mkononi sheria ya ardhi kwa Kiswahili? Mkulima anadaiwa sheria ambayo hajawahi kuiona, na anayeijua ni yule anayemuuzia maelezo.

Hapa maktaba inagusa vita vidogo vya kila siku. Tuchukue mambo matatu.

Mtoto akizaliwa, wazazi wana siku 90 za kumwandikisha kwa ofisa wa hali ya raia. Familia nyingi zilizokimbia hupitisha siku hizo bila kujua, halafu mtoto anakua bila karatasi, na siku ya kuthibitisha kwamba shamba lilikuwa la baba yake hana cha kuonyesha. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 juu ya wakimbizi wa ndani, katika kanuni ya 20, zinasema wakuu wanapaswa kuwarudishia watu hawa hati walizopoteza bila kuwatesa kwa masharti yasiyo na maana, kama vile kuwarudisha kule walikokimbia ili wakazitafute. Ni jambo zuri kulijua kabla ya kusimama mbele ya dirisha la ofisi.

Jambo la pili ni la akina mama. Sheria ya familia ya 1987 ilisahihishwa tarehe 15 Julai 2016, na tangu hapo mke hahitaji tena ruhusa ya mumewe ili afanye jambo la kisheria, kama kutia sahihi mapatano au kwenda mahakamani. Tumeona wanaume wakishangaa kusikia hivyo, na wanawake wakishangaa zaidi.

La tatu ni shule. Katiba inasema, kifungu cha 43, kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure, na tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019 serikali ilitangaza kuitekeleza. Mzazi anayeombwa pesa anaweza kuuliza kwa adabu pesa hiyo ni ya nini, karatasi ikiwa mkononi. Si lazima agombane na mwalimu, ambaye mara nyingi naye hajalipwa.

Ugomvi mwingi wa mipaka ya mashamba tulioushuhudia haukuanza kwa chuki. Kila upande ulikuwa umesikia sheria yake kwa mtu wake. Wakikaa meza moja wakisomewa ukurasa mmoja, hawaachi kubishana, ila wanabishana juu ya kitu kimoja. Kwa mpatanishi hiyo ni nusu ya kazi.

Mgomba, mtihani, na saa ya kusomewa

Maktaba ya kijiji isiwe ya sheria tu, watu wataikimbia. Waulizeni wakulima wanataka kujua nini. Katika milima yetu wengi watataja mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioonekana Masisi mwaka 2001 na kuenea. Majani yanakuwa ya manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani kuna doa la kahawia, na shina linatoa maji mazito ya manjano. Karatasi moja yenye picha inatosha kufundisha yanayosaidia: kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara kichana cha mwisho kinapotokea, bila kutumia panga, kupitisha panga motoni au kuliosha kwa maji ya javeli kabla ya kuhamia mgomba mwingine, kukata shina lililougua usawa wa ardhi bila kung'oa shina zima la familia. Panga la kuazimana ndilo linalobeba ugonjwa. Na nani anaazimana panga kuliko mkimbizi na mwenyeji wake? Tumesikia wageni wakilaumiwa kwamba wameleta ugonjwa wa migomba. Karatasi ile inaonyesha kwamba ni panga lisilooshwa, la yeyote, na hilo linazima ugomvi kabla haujafika kwa shefu. Tena kasiksi inaendelea kupatikana, jambo ambalo wazee wetu hawalidharau.

Kwa wanafunzi hatuhitaji kusema mengi. Mtoto aliyekimbia mwezi wa tatu na Exetat yake ni katikati ya mwaka amepoteza madaftari yote. Nakala mbili za mitihani ya miaka iliyopita na meza yenye taa zinamfaa kuliko hotuba.

Na wale wasiojua kusoma? Wasiwekwe kando. Iwepo saa moja kwa juma ya kusomewa, mchana, wakati akina mama wametoka shambani. Kijana anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza huku wanachambua maharagwe. Mzee akikumbuka hadithi ya Kinande, mwalimu anaiandika katika daftari, na daftari hilo linapewa namba na kuwekwa rafuni kama kitabu kingine. Baada ya mwaka mtakuwa na vitabu ambavyo hakuna shirika lingeweza kuwaletea.

Tuliyoyaona kwa majirani

Wafanyabiashara wa Butembo wanaijua vizuri njia ya Kasindi kwenda Kampala. Njiani, karibu na Masaka katika Uganda, kuna kijiji kinachoitwa Kitengesa. Mwaka 1999 maktaba yake ilikuwa sanduku moja la vitabu katika shule ya sekondari, vitabu havikufika mia mbili. Mkuu wa shule, Emmanuel Mawanda, na mwalimu wa chuo kikuu, Kate Parry, walikubaliana kwamba sanduku lisiwe la wanafunzi peke yao. Baadaye walipata jengo, kisha umeme wa jua, na watu wakaanza kusoma usiku. Wanafunzi maskini hufanya kazi ya maktaba na kulipiwa karo, kwa hiyo maktaba imekuwa pia kazi yenye mshahara mdogo kijijini. Watu wazima walipenda kitu rahisi sana: magazeti ya Kiganda, lugha yao. Mwaka 2007 maktaba kama hiyo zilianzisha chama chao katika Uganda nzima.

Kaskazini-mashariki mwa Kenya watu wanahamahama na mifugo yao. Huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya ilipoona hawaji Garissa mjini, mwaka 1996 ilianza kuwapelekea vitabu juu ya ngamia, pamoja na hema na mikeka. Sisi hatuna ngamia, lakini tuna pikipiki, na tunajua nini maana ya watu wasiotulia mahali pamoja.

Kuna mfano ulio karibu nasi zaidi. Mwaka 2014, katika kambi za Burundi kama Kavumu na Bwagiriza, ambako wengi walikuwa ndugu zetu Wakongomani, shirika la Bibliothèques Sans Frontières pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi walileta masanduku makubwa ya rangi yanayofunguka na kuwa meza, viti, vitabu, filamu na kompyuta. Kazi nzuri. Lakini sanduku kama hilo ni ghali, na mtu akilisubiri atazeeka. Seremala wa Kalunguta aliye na mbao za kwetu anaweza kutengeneza sanduku la vitabu themanini lenye kufuli na mishikio miwili. Mishikio ni ya lazima, tutaeleza.

Tanzania inatufundisha upande wa pili. Katika miaka ya 1970 kulikuwa na kampeni kubwa ya kisomo, na maktaba ndogo zikafunguliwa vijijini zikiwa na vitabu na magazeti kama Elimu Haina Mwisho. Wasiojua kusoma, ambao mwaka 1967 walikuwa karibu 67 kwa kila watu wazima mia, walishuka hadi karibu 10 mwaka 1986. Kisha uchumi ukadhoofika, magazeti yakaacha kufika, vitabu vikachakaa bila vingine, na maktaba nyingi zikafungwa. Aliyejifunza kusoma naye husahau akikosa cha kusoma. Kitabu kilichotolewa mara moja na kusahauliwa hakifanyi maktaba.

Kosa letu wenyewe

Hatuandiki haya kama watu waliofaulu. Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kupeleka vitabu katika kijiji kimoja ambacho hatutakitaja. Tuliviomba nje, vikaja vingi, vizuri, vyote kwa Kifaransa kigumu, kimoja juu ya kupanda milima ya theluji. Tukapiga picha, tukaondoka. Tuliporudi baada ya miezi minane kabati lilikuwa limefungwa, ufunguo ukiwa kwa mtu mmoja aliyesafiri, na vitabu vilikuwa vipya kama siku tulipovileta. Vipanya tu ndio walikuwa wamesoma.

Tulimlaumu mwenye ufunguo. Baadaye mama mmoja alituambia kwa upole: "Mlimwambia vikipotea atalipa. Mlitaka afanye nini?" Alikuwa na haki. Tulipohesabu vitabu kama mali, yeye alivifungia kama mali.

Kuanza kwa kidogo, na kwa akili

Kwanza ni mahali. Pasiwe karibu na makao ya askari, wala ndani ya uwanja wa mtu mmoja mwenye jina kubwa. Chumba cha shule baada ya masomo kinafaa, au ukumbi wa kijiji uliotengenezwa kwa salongo. Parokia au kanisa likitoa chumba, lipokeeni kwa shukrani, lakini mkubaliane mapema kwamba waumini wa madhehebu mengine na Waislamu wanaingia bila kuulizwa, na mlango wa kuingilia uwe wa upande wa barabara.

Halmashauri iwe na nusu wenyeji na nusu waliokimbia, na wanawake wasipungue nusu. Funguo ziwe mbili, moja kwa kila upande. Tumeona kwamba watu wawili waliofungua mlango mmoja kila asubuhi kwa miezi sita wanajua kuulizana habari za watoto.

Sasa rejista, na hapa tunawaomba msome polepole. Daftari la kuazima liandike vitu vinne tu: tarehe, namba ya kitabu, jina moja la msomaji, na tarehe ya kurudisha. Msiandike kabila. Msiandike kijiji alichotoka. Msiandike "mkimbizi" wala "mwenyeji". Wafadhili watawaomba hesabu hizo, na sisi tumo kati ya waombaji. Katalieni kwa adabu na mtupe hesabu ya vitabu vilivyoazimwa. Sababu ni mbili. Ya kwanza, mkigawa watu katika daftari mmerudisha ile orodha tuliyoikimbia. Ya pili ni nzito zaidi: katika nchi yetu daftari linaweza kuangukia mikono mibaya usiku mmoja, na daftari linaloonyesha nani alitoka wapi na anakaa wapi linaweza kuua. Jina moja na namba ya kitabu havimwambii mtu mbaya chochote. Vivyo hivyo, msipige picha za wasomaji bila ruhusa yao, hata sisi tukiwabembeleza.

Vitabu vitapotea. Kubalini hivyo kabla ya kuanza, na mwambieni anayelinda kwamba halipi. Mkipoteza vitabu kumi kwa mwaka na vingine sabini vimechakaa kwa kusomwa, mmefanya kazi nzuri. Na siku ya kukimbia, ikija, hakuna anayerudi kuchukua vitabu. Hilo lisemwe wazi kwa watoto, maana mtoto mwaminifu anaweza kurudi kwa ajili ya kitabu cha watu. Kama kuna muda, watu wawili wanashika mishikio ya sanduku na kulipandisha kwenye pikipiki. Kama hakuna muda, linabaki. Kitabu kilichokimbia na msomaji hakikuibwa. Kikifunguliwa Butembo au Oicha bado kinafanya kazi yake.

Vitabu vya kuanzia vitoke kwanza kwa wakaaji. Tangazeni kwamba kila nyumba inaweza kuleta karatasi moja: kijitabu cha afya, mitihani ya zamani, gazeti, hata daftari safi la mwanafunzi aliyemaliza. Kwa vitabu vya nje, peleka orodha ya mnachotaka badala ya kupokea kinachotupwa. Kiswahili kwanza, kisha Kifaransa cha shule. Maktaba za vyuo vikuu vya Butembo haziwezi kuwa maktaba yenu, lakini mara nyingine zina nakala mbili ambapo moja ingetosha, na kuuliza ni bure.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Someni somo hili kwa sauti, kisha jadilini bila haraka. Wakimbizi na wenyeji wakae wakichanganyika.

Katika miezi sita iliyopita, ni kitu gani kilichofika kijijini kwetu bila orodha? Nani alikitumia?

Ni uvumi gani uliotusumbua mwaka huu? Tungeandika nini ubaoni, na chanzo kingekuwa nani?

Tuna ugomvi gani wa shamba ambao pande zote mbili zinataja sheria, na hakuna aliyeisoma?

Ni wazee gani watatu walio na hadithi ambazo hazijaandikwa? Nani ana daftari tupu nyumbani?

Ufunguo wa pili tungempa nani?